Siku ya 14 haikuwa yao: kisa cha wanandoa waliongoja mtoto zaidi ya miaka mitatu

Kisa hiki ni cha wanandoa niliowahudumia nikiwa muuguzi mkunga katika kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu. Wote wawili wameridhia kisimuliwe. Majina, mji na tarehe nimeviondoa, na mambo machache yasiyogusa tiba nimeyabadilisha. Kazi ya mume nimeiacha kama ilivyo kwa sababu bila hiyo kisa hakieleweki, na madereva wa safari ndefu ni wengi mno kwa mmoja kutambulika.

Usuli

Mke alikuwa na miaka 29, mume 36. Ndoa ilikuwa na miaka mitatu na miezi minne, na katika muda wote huo hedhi haikuwahi kukosa kuja. Mume anaendesha lori la mizigo: hupakia bandarini Dar es Salaam, huvuka Tunduma kuingia Zambia, kisha Kasumbalesa kuingia Kongo, akashusha Lubumbashi na kugeuza. Safari moja ilimla karibu wiki nne. Akirudi alikaa nyumbani siku tano, zikizidi sana sita, kisha tajiri wake anapiga simu kwamba mzigo uko tayari.

Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa kuna tatizo la uzazi pale wenza wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 au zaidi na mimba isiingie. Taarifa ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa mtu mzima mmoja kati ya sita hivi hupitia hali hiyo wakati fulani maishani. Kwa kipimo hicho hawa walikuwa wameshavuka mstari mara tatu. Ila maneno "mara kwa mara" yanahitaji kuulizwa vizuri kwa mtu ambaye kitanda chake cha kawaida kiko nyuma ya usukani, na mimi ziara ya kwanza sikuyauliza.

Nyumbani maneno yalikuwa yameanza. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amempeleka mkamwana wake kwa waganga wawili kwa nauli yake mwenyewe. Lakini wifi mmoja alishatamka mbele za watu kwamba kaka yake atafute mwingine. Hakuna aliyetamka kwamba kaka naye apimwe.

Bahasha ya kaki

Alikuja peke yake. Baada ya shikamoo alikaa, akafungua bahasha kubwa ya kaki na kunipangia karatasi mezani moja moja, kama mtu anayetoa ushahidi.

Ya kwanza ilikuwa ripoti ya ultrasaundi iliyosema kizazi kimeinamia nyuma. Alikuwa ametafsiriwa kwenye duka la dawa kuwa "kizazi kimegeuka, ndiyo maana mimba haishiki". Ya pili ilikuwa picha ya mirija, ile inayopigwa kwa eksirei baada ya kupitisha dawa kwenye shingo ya kizazi: mirija yote miwili iko wazi, dawa imemwagika tumboni upande wa kulia na wa kushoto. Pamoja na majibu hayo, mganga wa pili alimlipisha dawa ya kuzibua mirija. Ya tatu ilikuwa kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, kilichochukuliwa siku ya 21 tangu kuanza hedhi: 0.6. Kwa namba hiyo aliambiwa mayai yake hayapevuki, akaandikiwa vidonge vya klomifeni, dawa ya kuchochea mayai yatoke, kwa mizunguko sita. Chini kabisa ya bahasha kulikuwa na kichupa cha dawa ya kusafisha kizazi, ya kuweka ukeni, nusu kimetumika.

Hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina la mume.

Nilimuuliza hedhi yake ikoje. Akatoa kwenye pochi kalenda ndogo ya kukunja, ya zile zinazogawiwa na maduka mwisho wa mwaka, imewekwa alama za kalamu nyekundu. Miezi 14 ya alama. Nilihesabu mbele yake mizunguko sita ya mwisho kabla ya kuanza klomifeni: siku 34, 36, 35, 33, 37, 35. Nikamuuliza nani mwingine amewahi kuiona kalenda hii. Akasema, "Hakuna aliyeiomba, sista. Wote huniuliza tu kama siku zangu zinakuja."

Naamini kisa chote kilikuwa ndani ya kalenda ile, lakini siku hiyo nilikiona nusu tu.

Walivyokuwa wakihesabu

Walikuwa wanajua kuna "siku za hatari". Mke alifundishwa shuleni kwamba yai hutoka siku ya 14, na mume alikuwa ameisikia siku hiyo hiyo kwa madereva wenzake. Kwa hiyo walifanya jambo la akili sana: mume alimwomba tajiri wake ampangie mizigo ili awe nyumbani kuanzia siku ya 11 hadi ya 15 ya mke. Kwa kuwa safari pamoja na mapumziko ilifika siku 33 hadi 35, lori na mwili wa mke vilikuwa vikizunguka kwa urefu unaokaribiana. Mwezi baada ya mwezi alifika siku zilezile na kuondoka siku zilezile. Asubuhi ya siku ya 15 alikuwa tayari anawasha gari.

Sasa tazama hesabu. Sehemu ya mzunguko inayobadilika sana kati ya mwanamke na mwanamke ni ile ya mwanzo, kabla yai halijatoka. Sehemu ya pili, kutoka yai kutoka hadi hedhi inayofuata, haichezi sana: ni siku 14 hivi, kwa wengine 12, kwa wengine 16. Kwa hiyo siku ya yai huhesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka hedhi ijayo. Mwenye mzunguko wa siku 28 atapata 14, na hapo ndipo namba hiyo ilipozaliwa. Mwenye siku 35 atapata 21.

Jambo hili si geni. Mwaka 1924 daktari wa Kijapani, Kyusaku Ogino, aliyefanya kazi katika mji wa Niigata, alionyesha kwamba yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayofuata. Miaka michache baadaye Hermann Knaus wa Austria akafikia hitimisho linalofanana kwa njia yake. Ni karne nzima sasa. Inaniuma kwamba tunachomfundisha binti darasani bado ni ile namba 14 peke yake, imekatwa kutoka kwenye hesabu iliyoizaa.

Mchoro

Ziara ya pili walikuja wote. Mume alikuwa ameomba lori lifanyiwe matengenezo mjini kwetu ili apate saa mbili. Nilichukua karatasi mbili za daftari kubwa na kuanza kuchora.

Kwa mke nilichora kizazi kama parachichi dogo lililopinduliwa, kikonyo chini. Kwa mwanamke asiye na mimba kina urefu wa sentimita saba au nane tu, kuta zake ni msuli mnene, na nafasi ya ndani ni mwanya mwembamba. Kikonyo ndicho shingo ya kizazi, inayochungulia ukeni. Juu, kila upande, kuna mrija wa sentimita 10 hivi wenye ncha kama vidole, na chini ya vidole hivyo kuna ovari, ghala la mayai. Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba mwanamke hazalishi mayai mapya kila mwezi jinsi mwanamume anavyotengeneza mbegu. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni moja na mbili. Akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne, na katika maisha yake yote yatakayotoka ni kama 400.

Hapo mume akauliza kuhusu kugeuka. Nilimwonyesha kwa ngumi yangu: wanawake wengi kizazi kimelala mbele juu ya kibofu, lakini kama mmoja kati ya watano kimelala nyuma, na kwa wengi wa hao hakizuii chochote. Ni kama mtu anayelala kifudifudi na mwingine chali. Mke alifumba macho kidogo. Aliniambia baadaye kwamba kwa mwaka mzima alikuwa analala kwa tumbo usiku kucha ili kizazi kirudi mahali pake.

Kisha nikafika kwenye ute. Nilimuuliza kama katikati ya mwezi anaona majimaji yanayoteleza na kuvutika. Akaona haya, akamtazama mumewe, akasema ndiyo, ulikuwa ukimjia siku tatu nne, hata baada ya mume kuondoka, akidhani ni uchafu. Alikuwa akiusafisha kwa kuingiza vidole vyenye maji na sabuni, na baadaye kwa ile dawa ya kichupa. Na tangu aanze klomifeni hakuuona tena vizuri. Alifurahi kwamba amepona.

Niliweka kalamu chini. Ule ute, unaovutika kama ute wa yai bichi, ndio ishara iliyo wazi kuliko zote kwamba yai linakaribia kutoka. Siku nyingine za mwezi ute wa shingo ya kizazi ni mzito na mbegu hazipenyi. Siku hizo chache huwa mwepesi, na ndani yake mbegu zinaweza kuishi hadi siku tano. Uke wenyewe una hali ya uchachu inayolindwa na bakteria wake wa kawaida, hauhitaji sabuni wala dawa ya kuusafisha ndani, unajisafisha. Klomifeni nayo, kwa baadhi ya wanawake, hukausha ute huo. Kwa hiyo mwili ulikuwa ukimpigia kengele kila mwezi, na sisi wote, kuanzia duka la dawa hadi waganga hadi cheti cha hospitali, tulikuwa tukimsaidia kuinyamazisha.

Karatasi ya pili ilikuwa ya mume. Korodani mbili, zimening'inia nje ya mwili kwa sababu maalumu: kiwanda cha mbegu kinataka ubaridi, nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili. Ndiyo maana mfuko wake hulegea wakati wa joto na kujikunja wakati wa baridi. Mbegu ikitengenezwa huingia kwenye epididimisi, mrija uliokunjwakunjwa mgongoni mwa korodani ambao ukinyooshwa hufika kama mita sita. Humo hukomaa na kusubiri. Kisha mrija wa mbegu huipandisha kupitia kinena hadi nyuma ya kibofu, ambako vifuko vya shahawa na tezi dume huongeza maji yao. Sehemu kubwa ya shahawa hutoka huko. Mbegu zenyewe ni asilimia chache tu.

Hili lilimtuliza kwa jambo moja lililokuwa likimsumbua. Alikuwa akiona majimaji yanamtoka mkewe akisimama, akadhani mbegu zote zimemwagika, na mke alikuwa akilazwa na mto chini ya kiuno kwa saa nzima. Mbegu zinazoweza kufika huingia kwenye ute wa shingo ya kizazi ndani ya dakika chache. Kinachotoka ni maji yaliyobaki.

Nikamaliza na saa za mbegu na yai. Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24. Mbegu zikikuta ute mzuri husubiri hadi siku tano. Kwa hiyo dirisha la mimba ni siku sita: tano kabla ya yai, na siku ya yai yenyewe, na siku mbili tatu za mwisho ndizo zenye nguvu zaidi. Mume alikaa kimya akitazama namba nilizoandika: 16, 17, 18, 19, 20, 21. Kisha akasema, "Kumbe ni kama mpakani, sista. Geti linafunguliwa siku moja. Lori linatakiwa liwe limeshapanga foleni. Mimi nafika mapema mno, halafu naondoka foleni haijaanza."

Sijawahi kulieleza vizuri kuliko alivyolieleza yeye, na tangu siku hiyo nalitumia.

Homa

Siku hiyohiyo nilimwandikia mume kipimo cha shahawa katika hospitali kubwa zaidi. Alikubali bila ubishi, jambo ambalo si la kawaida, na hapo ndipo nilipokosea.

Majibu yalikuja na mbegu milioni sita kwa mililita, zinazotembea asilimia 18. Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani, kwa toleo la mwaka 2021, ni milioni 16 kwa mililita na asilimia 42. Nilimwambia ukweli wa karatasi: mbegu ni chache na ni dhaifu. Niliongeza kwamba kipimo kitarudiwa, lakini nadhani hakusikia tena. Aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati na kuondoka.

Safari iliyofuata alipopita mjini alilala kwenye lori, mita mia tatu kutoka nyumbani kwake. Alinunua unga wa kuongeza mbegu na dawa ya ngiri, jumla shilingi 180,000. Alimwambia mkewe kwamba yuko huru kuondoka.

Mke alinipigia simu usiku. Katika kulia kwake alisema, "Tangu alipolazwa Zambia na ile malaria si yule tena." Nikamkatiza nikauliza alilazwa lini. Wiki tano kabla ya kipimo. Siku tatu za homa kali, dripu, na kurudi kuendesha akiwa bado anatetemeka.

Kutengeneza mbegu moja, kutoka chembe ya mwanzo hadi kutoka kiwandani, huchukua miezi miwili hadi miwili na nusu, na bado kuna siku za kukomaa kwenye epididimisi. Homa kali huunguza kazi iliyo katikati ya kiwanda, na hasara huonekana kwenye shahawa wiki kadhaa baadaye. Kipimo chetu kilikuwa kimepiga picha ya malaria. Hatukujua bado mwanamume mwenyewe yukoje.

Maamuzi

Nilikaa na daktari wa kituo. Tuliamua mambo manne, na sababu zake ndizo muhimu.

Kwanza, klomifeni isimame. Dawa hii ina kazi kwa mwanamke ambaye yai halitoki, na sisi hatukuwa na ushahidi wowote kwamba lake halitoki. Kipimo cha projesteroni cha siku ya 21 kinadhania mzunguko wa siku 28. Kinatakiwa kuchukuliwa kama siku saba kabla ya hedhi inayofuata, wakati homoni iko juu. Kwa mwanamke wa siku 35, siku ya 21 ndiyo siku ya yai yenyewe. Namba ndogo hapo ndiyo inayotarajiwa. Tulirudia siku ya 28 ya mzunguko usio na dawa: 11. Zaidi ya 3, kwa nanogramu katika mililita, huonyesha yai limetoka. Mwanamke huyu alikuwa ametibiwa kwa ugonjwa uliotengenezwa na kalenda ya mtu mwingine.

Pili, mume apimwe tena baada ya miezi mitatu tangu homa kuisha, akiwa amejizuia siku mbili hadi saba, na sampuli ifike maabara ndani ya saa moja. Unga na dawa ya ngiri aviache. Hili la pili lilihitaji mimi niende kumwona, si kumwita. Nilimfuata kwenye maegesho na kumwambia kwamba kosa la kutouliza kuhusu homa lilikuwa langu. Alinitazama muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo naweza kurudi nyumbani?"

Tatu, wasipelekwe kwa bingwa mara moja. Daktari alisita kidogo hapa, na nilimwelewa. Lakini mke hakuwa amefika 35, mirija ilikuwa wazi, mzunguko ulikuwa unaeleweka, na walikuwa hawajapata hata miezi sita ya kukutana kwenye siku zenyewe. Tuliweka kikomo: miezi sita baada ya kipimo cha pili cha mume, ikiwa majibu ni mazuri. Yakiwa mabaya, rufaa siku hiyohiyo. Kama mke angekuwa na miaka 36 nisingekubali kungoja hata kidogo.

Nne, ratiba igeuzwe. Mume awe nyumbani siku ya 16 hadi ya 22, wakutane kila baada ya siku moja au mbili, na mke afuate ute badala ya namba peke yake, kwa kuwa mzunguko wa siku 33 ungelileta yai siku ya 19 na wa 37 siku ya 23. Shanga za kuhesabia siku hazikumfaa. Zimetengenezwa kwa mizunguko ya siku 26 hadi 32. Kuosha ndani kukome. Tukampa pia foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku, tukawapima wote VVU na kaswende.

Matokeo

Kipimo cha pili cha mume kilitoka na mbegu milioni 41 kwa mililita, zinazotembea asilimia 52.

Kupata mimba hakukuwa kwa haraka kama nilivyotamani. Mzunguko wa kwanza lori lilikwama Kasumbalesa siku tisa. Wa pili alifika siku ya 20, ute ukiwa unaisha. Wa tatu walikutana siku zote, na hedhi ikaja. Mke alinitumia ujumbe wa neno moja tu: "Imekuja." Nilimkumbusha kwamba hata kwa watu wasio na tatizo lolote, kukutana kwenye siku zenyewe hakuleti mimba kila mwezi, miezi mingi yai na mbegu hukutana na safari ikaishia njiani. Mbegu hulikuta yai kwenye mrija, kisha yai lililorutubishwa husafiri siku tatu hadi tano kushuka kwenye kizazi, na hujishika ukutani siku ya sita au ya saba hivi. Pana sehemu nyingi za kukwama.

Mzunguko wa nne hedhi haikuja. Alijifungua kwa njia ya kawaida, mimba imetimia, mtoto wa kike.

Uchambuzi

Siwezi kuapa kwamba tarehe peke yake ndiyo iliyowachelewesha. Kwenye mizunguko ya siku 33 dirisha lilianza siku ya 14, kwa hiyo walikuwa wakiligusa kidogo kwa mwanzo wake, mahali penye nafasi ndogo. Kuosha ute kulichangia, na klomifeni kwa miezi ile sita. Ninachoweza kusema ni kwamba hatukumtibu mtu yeyote ugonjwa wowote. Tuliondoa vizuizi tulivyoviweka wenyewe na kuhamisha siku sita.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kuwaita wote wawili mbele ya karatasi moja. Nilipomfundisha mke peke yake siku ya kwanza, alirudi nyumbani na maneno yangu yakawa maneno yake dhidi ya mama mkwe. Mume alipouona mchoro wa korodani ukiwa kando ya mchoro wa kizazi, swali la nani ana kasoro lilipungua uzito bila mimi kulihubiri. Mama mkwe naye aliombwa aje mara moja, akakaa mbele ya mchoro huohuo. Bado anaamini dawa ya mganga wa kwanza ilisaidia, na mkamwana wake ameamua kutobishana naye. Nadhani ameamua vyema.

Kilichoshindwa ni kirefu zaidi. Mwanamke alipigwa picha ya mirija, kipimo kinachouma na chenye gharama, kabla mume hajatoa sampuli. Mpangilio huo hauna sababu ya kitabibu. Una sababu ya aibu tu, na sisi watoa huduma tunashiriki kila tunapomruhusu mwanamke aje na bahasha peke yake miaka mitatu. Namba 14 na namba 21 zilitumika na watu waliosoma, si kwa ujinga bali kwa haraka. Kila mmoja alitazama karatasi aliyopewa na hakuna aliyeomba kalenda. Neno "uchafu" lilifunika ishara ya afya, na nimegundua tangu hapo kwamba nikiuliza "una uchafu?" napata jibu tofauti kabisa na nikiuliza "unaona ute unaovutika?" Nimeacha kuuliza kwa namna ya kwanza.

Kosa langu mwenyewe naliweka hapa wazi. Nilitoa majibu ya kipimo kimoja kwa mwanamume aliyekuwa amejitolea kupimwa, bila kumuuliza ameugua nini miezi mitatu iliyopita. Lilikuwa swali la sekunde kumi. Kwa kukosa swali hilo karibu ndoa ivunjike kwenye maegesho ya malori. Hata majibu yangekuwa sahihi, sampuli moja haitoshi kumhukumu mtu; mbegu hupanda na kushuka.

Fomu yetu ya kuombea kipimo cha shahawa ina mistari ya jina, umri na siku za kujizuia. Haina mstari wa homa. Nimeuandika kwa kalamu chini ya kila fomu iliyobaki kwenye kitabu: "Homa, malaria au kulazwa ndani ya miezi mitatu? Lini?" Wiki iliyopita mtu wa maabara alinipigia kuuliza mstari huo unatoka wapi, na kama anaweza kuuongeza kwenye kitabu chake.